Kuandika Nje ya Mpaka: Ufafanuzi wa Udhaifu wa Kumbukumbu CVE-2023-4863 katika Vivinjari vya Wavuti

Ikisiri

Makala haya yanafafanua udhaifu wa kiusalama uliosajiliwa kwa namba CVE-2023-4863, uliobainika Septemba 2023 katika maktaba ya msimbo inayotumiwa na vivinjari kufungua picha za aina ya WebP. Yanaeleza jinsi kumbukumbu ya kompyuta inavyogawiwa, jinsi picha inavyofunguliwa, mahali kasoro ilipojificha na namna ilivyorekebishwa. Hoja kuu ni kwamba kasoro hiyo haikutokana na hesabu iliyokosewa, bali na mpangilio wa hatua: programu iliandika kwanza na kuhakiki baadaye, ilhali lugha iliyotumika kuiandika haikuwa na ulinzi wowote wa mipaka. Makala yanahitimisha kwamba usalama wa kumbukumbu hauwezi kuachiwa uangalifu wa mwandishi wa programu peke yake.

1.0 Utangulizi

Tarehe 6 Septemba 2023, kampuni ya Google ilipokea taarifa ya kasoro katika kivinjari chake cha Chrome. Taarifa hiyo ilitoka kwa wahandisi wa usalama wa kampuni ya Apple pamoja na Citizen Lab, kituo cha utafiti kilichopo katika Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada. Siku tano baadaye, tarehe 11 Septemba, Google ilitoa toleo lililorekebishwa na kutangaza kuwa inafahamu kuwapo kwa mbinu ya kuutumia udhaifu huo ambayo tayari ilikuwa mikononi mwa washambuliaji. Mozilla ilifuata tarehe 12 Septemba kwa kurekebisha kivinjari cha Firefox.

Kilichowashangaza wengi ni udogo wa chanzo chake. Mtumiaji hakuhitaji kupakua programu, kuandika nywila wala kukubali jambo lolote. Ilitosha kivinjari chake kufungua picha moja iliyoundwa kwa hila. Kwa kuwa kivinjari hufungua picha nyingi katika kila ukurasa bila kumuuliza mtumiaji, tendo hilo la kawaida kabisa liligeuka kuwa mlango wa kuingilia.

Ili kuelewa jinsi picha inavyoweza kuwa silaha, ni sharti kwanza kuelewa kumbukumbu ya kompyuta na mipaka yake.

2.0 Kumbukumbu na Mipaka Yake

Kumbukumbu ya kompyuta inaweza kutazamwa kama eneo refu la ardhi lililopimwa viwanja vidogo vidogo, kila kimoja kikiwa na namba yake. Kiwanja kimoja huhifadhi baiti moja. Programu inapohitaji mahali pa kuweka data, huomba idadi fulani ya viwanja vinavyofuatana, ikapewa namba ya kiwanja cha kwanza. Kuanzia hapo, programu yenyewe ndiyo yenye wajibu wa kukumbuka kiwanja chake cha mwisho ni kipi.

Katika lugha ya C, iliyobuniwa na Dennis Ritchie katika maabara za Bell nchini Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970, wajibu huo huachwa mikononi mwa mwandishi wa programu. Lugha yenyewe haiweki bikoni za kuonesha mwisho wa eneo. Programu iliyopewa viwanja mia moja ikiamua kuandika katika kiwanja cha mia moja na moja, mara nyingi hakuna kitakachoizuia. Data itaandikwa, na kilichokuwapo katika kiwanja hicho kitafutika, hata kama ni mali ya sehemu nyingine ya programu. Kitendo hiki ndicho kinachoitwa hapa kuandika nje ya mpaka.

Uamuzi wa kuacha mipaka bila ulinzi haukuwa wa kizembe. Kompyuta za zama hizo zilikuwa na uwezo mdogo, na kila ukaguzi uliongeza gharama ya muda. Hata hivyo, madhara yake yalidhihirika mapema. Novemba 1988, programu iliyojisambaza yenyewe, inayojulikana kwa jina la Morris, ilienea katika kompyuta nyingi zilizounganishwa na intaneti ya wakati huo. Moja kati ya njia ilizotumia ilikuwa ni kuandika nje ya mpaka katika huduma iliyoandikwa kwa lugha ya C. Miaka 35 ilipita kati ya tukio hilo na lile linalojadiliwa hapa, lakini aina ya kosa ni ile ile.

3.0 Namna Picha ya WebP Inavyofunguliwa

WebP ni aina ya faili la picha iliyotangazwa na Google mwaka 2010 kwa lengo la kupunguza ukubwa wa picha katika tovuti. Ina namna mbili za kubana data: moja hupoteza sehemu ya taarifa za picha, na nyingine huhifadhi taarifa zote. Kasoro inayojadiliwa ilikuwa katika namna hii ya pili.

Namna hiyo hutumia mbinu iliyochapishwa mwaka 1952 na David A. Huffman, aliyekuwa mwanafunzi wa MIT. Msingi wake ni rahisi: kitu kinachojitokeza mara nyingi hupewa alama fupi, na kinachojitokeza mara chache hupewa alama ndefu. Katika maandishi ya Kiswahili, kwa mfano, herufi a hujitokeza mara nyingi sana. Mtu anayetaka kuyabana maandishi hayo angeipa herufi hiyo alama ya biti mbili au tatu tu, huku herufi adimu zikipewa alama za biti nyingi zaidi. Katika picha, kinachopewa alama si herufi bali ni thamani za rangi.

Ili programu inayofungua picha itambue alama ipi inawakilisha thamani ipi, hujenga majedwali katika kumbukumbu. Faili la WebP halibebi alama zenyewe. Hubeba urefu wa kila alama, na kutokana na urefu huo programu hukokotoa alama zote. Jambo hili lina uzito mkubwa kiusalama, kwa sababu linamaanisha kuwa umbo la majedwali huamuliwa na aliyetengeneza faili.

Aidha, urefu huo una kanuni yake. Alama tatu zenye urefu wa biti 1, 2 na 2 zinatosheleza: zinaweza kuwa 0, 10 na 11, na hakuna mpangilio wa biti unaobaki bila maana. Alama tatu zenye urefu wa biti 2, 2 na 2 hazitoshelezi, kwa kuwa mpangilio mmoja unabaki bila mwenyewe. Alama zenye urefu wa biti 1, 1 na 2 zinazidi, kwa sababu mbili za kwanza zimekwisha kumaliza nafasi yote. Seti inayotosheleza bila kupungua wala kuzidi huitwa seti kamili. Faili halali huwa na seti kamili.

4.0 Kasoro Yenyewe

Maktaba ya libwebp, ambayo ndiyo hufungua picha hizi, iliruhusu alama zenye urefu wa hadi biti 15. Kwa ajili ya kasi, ilitumia jedwali kuu linalosomwa kwa biti 8 za mwanzo. Alama iliyozidi biti 8 ilielekezwa katika jedwali dogo la ziada. Idadi na ukubwa wa majedwali hayo ya ziada hutegemea urefu wa alama zilizomo katika faili.

Swali lililowakabili waandishi wa maktaba hiyo lilikuwa hili: inapaswa kutengwa kumbukumbu kiasi gani ili itoshe kwa faili lolote? Walilijibu kwa njia ya kihisabati. Walitumia programu iliyoandikwa na Mark Adler, mmoja wa waasisi wa maktaba ya zlib, inayokokotoa ukubwa wa juu kabisa ambao majedwali yanaweza kuufikia. Kila kundi la alama katika WebP lina majedwali matano: moja la rangi ya kijani, ambalo pia hubeba taarifa nyingine, matatu ya nyekundu, bluu na uangavu, na moja la umbali. Kwa picha isiyotumia akiba ya rangi, matokeo yalikuwa nafasi 654 kwa jedwali la kwanza, nafasi 630 kwa kila moja kati ya matatu yanayofuata, na nafasi 410 kwa la mwisho. Jumla ni nafasi 2954.

Hesabu hiyo ilikuwa sahihi. Hakuna seti kamili ya alama inayoweza kuzidi ukubwa huo. Tatizo ni kwamba usahihi wake ulitegemea sharti lililotajwa hivi punde, yaani seti iwe kamili. Maktaba ilikuwa na ukaguzi wa sharti hilo, lakini sehemu muhimu ya ukaguzi huo ilikuja baada ya jedwali kuwa limekwisha kujazwa. Seti isiyo kamili ingeweza kudai majedwali ya ziada kuliko ilivyotarajiwa, na programu ingeendelea kuyajaza hadi nje ya eneo lililotengwa. Ni baadaye tu ndipo ingegundua kuwa faili ni batili na kulikataa. Wakati huo uharibifu ungekuwa umekwisha kutendeka.

Ili kufikia hali hiyo, mshambuliaji alipaswa kuunda faili ambalo majedwali manne ya mwanzo ni halali na yana ukubwa wa juu kabisa unaoruhusiwa, ili nafasi yote iliyotengwa ikaribie kuisha. Kisha jedwali la tano lilipaswa kuwa batili kwa namna mahususi, likavuka mpaka.

Hapo ndipo penye kiini cha suala hili. Ukaguzi ulikuwapo na hesabu ilikuwapo, na kila kimoja kilikuwa sahihi kikitazamwa peke yake. Kilichokosekana ni mpangilio: mgeni aliruhusiwa kuingia hadi chumbani ndipo akaulizwa jina lake mlangoni.

5.0 Kutoka Kasoro hadi Shambulizi

Kuandika nje ya mpaka hakumpi mshambuliaji udhibiti moja kwa moja. Mara nyingi matokeo yake ni programu kuanguka na kujifunga. Ili kasoro igeuke kuwa shambulizi, mshambuliaji hupanga kumbukumbu kwa namna ambayo kitu chenye thamani kiwe jirani na eneo linalovukwa. Kitu hicho kinaweza kuwa namba inayoonesha ukubwa wa eneo jingine, au kielekezi, yaani anwani ambayo programu huifuata ili kujua itekeleze nini baadaye. Anayefaulu kubadili anwani hiyo huweza kuipeleka programu anakotaka yeye.

Vivinjari vya kisasa vina ngome ya pili. Tangu ilipozinduliwa mwaka 2008, Chrome hufungua kurasa ndani ya michakato iliyotengwa, ambayo hainyimwi tu ruhusa ya kusoma faili za mtumiaji bali pia ruhusa nyingine nyingi za mfumo endeshi. Mshambuliaji aliyeshinda hatua ya kwanza hujikuta bado amefungiwa, na hulazimika kutafuta kasoro ya pili ili atoke. Ndiyo maana mashambulizi makubwa huwa ni mnyororo wa kasoro kadhaa.

Mnyororo wa aina hiyo ndio uliowafikisha watafiti kwenye suala hili. Tarehe 7 Septemba 2023, Citizen Lab ilitangaza kuwa ilikuta simu ya iPhone ya mfanyakazi wa asasi ya kiraia yenye makao yake Washington DC na ofisi katika nchi nyingine ikiwa imeshambuliwa. Kwa mujibu wa kituo hicho, mnyororo huo, uliopewa jina la BLASTPASS, ulitumika kupandikiza Pegasus, programu ya ujasusi ya kampuni ya NSO Group ya Israeli, kupitia picha zilizotumwa kwa iMessage, bila mwenye simu kubofya chochote. Siku hiyo hiyo Apple ilitoa rekebisho la kasoro katika sehemu ya mfumo wake inayofungua picha. Wachambuzi waliochunguza marekebisho ya kampuni hizo mbili walihitimisha kuwa kasoro ya Apple na ile ya libwebp ni moja.

Programu ya aina hiyo ikishaingia, simu haina siri tena kwa aliyeipandikiza: ujumbe, picha, mahali alipo mtu, na hata mazungumzo yanayofanyika karibu na simu. Kwa anayefanya kazi na mashahidi, wakimbizi au wanahabari, kuvuja kwa taarifa hizo kunaweza kugharimu usalama wa watu ambao hawajawahi hata kuigusa simu hiyo.

6.0 Sababu za Kasoro Kutoonekana Mapema

Libwebp haikuwa maktaba iliyosahauliwa. Msimbo wake chanzo uko wazi kwa yeyote kuusoma, na kwa miaka mingi ulikuwa ukipimwa kwa mbinu ya data holela, ambapo kompyuta hutengeneza mamilioni ya faili zilizoharibiwa kwa makusudi na kuzifungua moja baada ya nyingine ili kuona kama programu itaanguka.

Mbinu hiyo ina ufanisi mkubwa, lakini hufika mahali ikakwama. Kama ilivyoelezwa, kasoro hii ilihitaji majedwali manne halali yenye ukubwa wa juu kabisa, yakifuatwa na la tano lenye ubatili mahususi. Uwezekano wa kulipata faili kama hilo kwa kubahatisha ni mdogo mno. Linaweza kupatikana na mtu aliyeusoma msimbo, akailewa hisabati yake na kujiuliza: je, sharti hili likivunjwa kutatokea nini? Mshambuliaji mwenye subira na fedha anao muda wa kujiuliza swali hilo. Mtunzaji wa maktaba huria, mwenye majukumu mengine mengi, mara nyingi hana.

7.0 Safari ya Rekebisho

Rekebisho lenyewe lilifuata mantiki ya kasoro. Msimbo mpya hupitia kwanza urefu wa alama bila kuandika chochote, ukahakiki kama seti ni kamili na kukokotoa nafasi inayohitajika. Endapo nafasi haitoshi, kumbukumbu zaidi hutengwa. Ndipo uandishi unapoanza. Rekebisho hilo liliingizwa katika toleo la 1.3.2 la libwebp.

Kurekebisha maktaba ni jambo moja, na kulifikisha rekebisho kwa watumiaji ni jambo jingine. Libwebp haikuwa ndani ya Chrome peke yake. Ilikuwamo katika Firefox, Edge, Opera na Brave, katika mfumo wa Android, na katika programu za mezani zilizojengwa juu ya Electron, ambazo hubeba nakala yao wenyewe ya injini ya Chrome. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako: watengenezaji wengi walikuwa wakibeba kasoro hiyo ndani ya bidhaa zao bila kujua, kwa kuwa waliichukua pamoja na vifaa vingine walivyovihitaji.

Utata uliongezwa na namna kasoro ilivyotangazwa. Usajili wa awali wa CVE-2023-4863 uliitaja kama kasoro ya Chrome. Msimamizi wa mifumo aliyesoma tangazo hilo angeweza kuamini kuwa akisasisha Chrome amemaliza kazi. Mwishoni mwa Septemba 2023 namba ya pili, CVE-2023-5129, ilisajiliwa kwa ajili ya maktaba yenyewe, ikiwa na alama ya hatari ya 10 kati ya 10. Namba hiyo ilifutwa muda mfupi baadaye kwa kuwa ilirudia ya kwanza, na maelezo ya namba ya kwanza yakapanuliwa kuitaja libwebp. Suala la jina, ambalo kwa juu huonekana la kiofisi tu, ndilo lililoamua nani atajua kuwa yumo hatarini.

Mwishoni mwa safari hiyo yupo mtumiaji. Anayezima masasisho ili kuokoa bando, au anayetumia simu ya zamani ambayo mtengenezaji wake ameacha kuihudumia, hubaki na kasoro iliyokwisha kutangazwa hadharani. Kwake hatari haipungui baada ya tangazo bali huongezeka, kwa sababu maelezo yaliyokuwa siri ya wachache sasa yanasomwa na yeyote.

8.0 Njia za Kuzuia

CVE-2023-4863 si tukio la pekee. Mwaka 2020, wahandisi wa Chromium walichambua kasoro 912 za kiusalama zenye uzito mkubwa zilizorekodiwa tangu 2015. Takribani asilimia 70 zilitokana na matumizi yasiyo salama ya kumbukumbu, na nusu hivi ya hizo zilihusu programu kuendelea kutumia kumbukumbu iliyokwisha kuachiliwa. Microsoft nayo ilieleza mwaka 2019 kuwa takribani asilimia 70 ya udhaifu unaopewa namba ya CVE katika bidhaa zake ni wa kundi hilo. Uwiano huo unapojirudia katika kampuni mbili zenye wahandisi wengi mahiri, ni vigumu kulaumu uzembe wa mtu mmoja mmoja.

Njia mojawapo ya kuzuia ni kubadili lugha. Rust, iliyoanzishwa na Graydon Hoare na kukuzwa na Mozilla, ilitoa toleo lake thabiti la kwanza Mei 2015. Katika lugha hii, programu inayojaribu kuandika nje ya eneo lake husimamishwa, na mkusanyaji wa msimbo hukataa mapema matumizi mengi ya kumbukumbu iliyoachiliwa. Kama jedwali la libwebp lingejengwa kwa kanuni za kawaida za Rust, faili lile la hila lingeisimamisha programu. Hilo ni kero, lakini si uvamizi.

Pingamizi linalotolewa mara kwa mara ni kwamba haiwezekani kuandika upya mamilioni ya mistari ya msimbo. Uzoefu wa Android unalijibu kwa sehemu. Mwaka 2024 Google ilieleza kuwa sehemu ya udhaifu wa Android unaotokana na kumbukumbu ilishuka kutoka asilimia 76 mwaka 2019 hadi asilimia 24. Mfumo haukuandikwa upya wote. Kilichobadilika ni lugha ya msimbo mpya, huku ule wa zamani ukiendelea kukaguliwa na kupungua kasoro kadiri muda unavyopita.

Hata hivyo, Rust ina sehemu zinazomruhusu mwandishi kuweka ulinzi kando, na hakuna lugha inayozuia makosa ya mantiki. Kwa hiyo utengaji wa michakato, upimaji kwa data holela na masasisho ya haraka bado vinahitajika. Tofauti ni kwamba ngome hizo hazitalazimika tena kubeba mzigo ambao lugha ingeweza kuubeba.

9.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kuwa CVE-2023-4863 ilizaliwa katika pengo kati ya mambo mawili sahihi: hesabu iliyodhani kuwa faili ni la kweli, na ukaguzi uliothibitisha ukweli huo kwa kuchelewa. Waandishi wake hawakuwa wajinga wala wazembe. Walifanya kazi katika lugha inayodai mwanadamu asikosee kamwe, na hakuna mwanadamu wa namna hiyo.

Funzo la kiufundi ni kwamba data yoyote inayotoka nje ihakikiwe kabla haijaruhusiwa kuamua kitakachoandikwa katika kumbukumbu. Funzo pana zaidi linawahusu wanaopanga mitaala, wanaonunua mifumo ya taasisi na wanaoandika programu mpya. Chaguo la lugha ya kuandikia programu limezoeleka kuwa suala la kasi na urahisi. Tukio hili linaonesha kuwa ni suala la usalama wa watu, hasa wale ambao simu zao zina thamani kubwa kwa wanaowawinda.